Maana Waliogopa

Jumanne ya tarehe 20 Februari 2018 nilifika hospitali saa kumi na mbili na kitu asubuhi. Mkononi nilikuwa na chupa ya uji wa ulezi, kanga mbili zilizofuliwa, na kikopo cha mafuta ya nazi. Mafuta yalikuwa ya miguu. Moyo wa mama ulikuwa umetanuka, miguu ikavimba mpaka ngozi inang'aa, na siku zile za mwisho hakuomba kitu kingine ila kukandwa miguu. Uji wenyewe alishauacha. Niliendelea kuupika kwa mazoea tu.

Ndani ya Hiace wasiwasi wangu ulikuwa mmoja: mlinzi wa getini. Mzee yule alikuwa na tabia ya kuwazuia watu wanaowapelekea wagonjwa chai mpaka moyo wake utake, na asubuhi ile nilikuwa napanga maneno ya kumbembeleza. Nikafika, geti liko wazi, mlinzi hayupo. Nikashukuru Mungu, nikapita.

Kitanda cha mama kilikuwa cha nne kutoka dirishani. Nikakuta godoro limekunjwa, shuka hakuna, na ndoo yake imefunikwa juu chini sakafuni. Nikasimama nimeshika chupa yangu. Bibi wa kitanda cha jirani, ambaye tulikuwa tunamgawia uji, alinitazama muda mrefu, halafu akasema kwa sauti ya chini: "Mwanangu, mama hayupo hapa."

Nikamuuliza kama wamemhamishia wodi nyingine. Akageuza uso ukutani.

Muuguzi ndiye aliyeniita pembeni. Mama alifariki saa tisa usiku. Alisema walipiga simu yangu haikupatikana. Simu ilikuwa mkononi mwangu, na usiku kucha ilikuwa hewani. Hilo nilishaliacha, na sikukaa niandike kwa ajili yake. Ninachotaka kusimulia ni kwamba nilitoka pale, na sikumwambia mtu.

Nilikaa kwenye benchi karibu na stendi, chini ya mwarobaini, makondakta wakiniita kila gari lilipokuja. Saa moja na nusu Shangazi akapiga. Shangazi ni dada yake baba, na tangu baba afariki ndiye aliyekuwa akiishi na mama kule nyumbani, kihamba kimoja, yaani shamba moja la ukoo, jiko moja. Akauliza kama alivyouliza kila asubuhi: "Mgonjwa ameamkaje?"

Nikasema, "Ameamka salama, Shangazi."

"Haya mwanangu. Msalimie."

Dada yangu wa Dar akapiga, sikupokea. Nikafungua chupa, nikanywa uji wote, vikombe viwili, na mpaka leo nikikumbuka naona aibu jinsi ulivyokuwa mtamu. Ilifika saa saba mchana ndipo nikapiga simu nyumbani, nikasema mama ametutoka "sasa hivi". Saa nikabadilisha. Kwenye ratiba ya mazishi pameandikwa kuwa alifariki mchana, na aliyetoa maelezo ni mimi.

Mtu ataniuliza kwa nini, na kwa miaka mingi nilijiuliza hivyo hivyo. Kuamini niliamini, maana godoro lililokunjwa halihitaji maelezo. Wala sikuwa nawahurumia wenzangu. Niliona tu kwamba nikishafungua mdomo, jambo litakuwa limetokea. Nilipokuwa nimefunga mdomo, kule nyumbani mama alikuwa bado mgonjwa, na mgonjwa ni mtu unayeweza kumpelekea uji.

Tulimzika Jumamosi, nyuma ya nyumba, kwenye migomba, karibu na baba.

*

Mwaka ule Pasaka ilikuwa tarehe 1 Aprili, hivyo Mkesha ukaangukia tarehe 31 Machi, tukiwa tunakaribia arobaini ya mama. Mimi ni msomaji parokiani. Usiku ule nilipangiwa somo la kutoka katika kitabu cha Kutoka, la kuvuka bahari. Masika yalikuwa yameanza, moto mpya ukawashwa chini ya mwavuli wa paroko, kuni zinatoa moshi kuliko mwanga. Tukaingia na mishumaa yetu, Mbiu ya Pasaka ikaimbwa, masomo yakapita, kengele zikalia kwenye Utukufu, na watoto waliokuwa wamelala kwenye mabenchi wakashtuka. Nilikuwa salama mpaka Injili.

Masomo ya Misa za Jumapili huzunguka kwa miaka mitatu, A, B na C, na ule ulikuwa Mwaka B, mwaka wa Marko. Wanawake watatu, Maria Magdalena, Mariamu mama yake Yakobo, na Salome, wamenunua manukato ili wakampake. Wanaondoka alfajiri. Njiani wana wasiwasi mmoja: nani atawavingirishia lile jiwe? Wanafika, jiwe limeshaondolewa. Ndani wanamkuta kijana aliyevaa nguo nyeupe, na kijana anawaambia: hayupo hapa. Tazameni mahali walipomweka.

Mikono yangu ilianza kutetemeka, nta ya mshumaa ikanimwagikia kwenye kidole. Maneno ni yale yale. Mtu anayekuja na mafuta asubuhi kwa ajili ya mwili wa mpendwa wake anaambiwa hayupo, anaonyeshwa mahali palipo patupu. Nilichoambiwa wodini kama habari ya kifo, hapa kinatangazwa kama habari njema, na kanisa zima linaitikia "Sifa kwako, ee Kristo" kwa furaha. Nilitamani kusimama niseme: subirini kwanza, hao wanawake hawajafurahi.

Nilirudi nyumbani saa sita usiku nimelowa, sikubadilisha nguo, nikafungua Biblia. Injili ya Mkesha wa Mwaka B inaishia aya ya saba, pale kijana anapowaagiza waende wakawaambie wanafunzi na Petro kwamba anawatangulia Galilaya. Nilikuwa sijawahi kujiuliza aya ya nane ina nini. Basi aya ya nane inasema walitoka kaburini mbio, wametetemeka na kushangaa, wasimwambie mtu neno. Maana waliogopa.

Nilikaa kitandani na viatu vyangu vya matope nikaisoma labda mara ishirini. Wamepewa ujumbe mkubwa kuliko wote duniani, wakaondoka nao wakiwa wameufunga mdomoni kama mimi na chupa yangu ya uji. Sikufarijika. Ila kwa mara ya kwanza tangu Februari nilihisi kuna watu wanaonijua.

*

Miaka mitatu ikapita. Si kwamba nilikuwa naifikiria aya ile kila siku. Maisha yana mambo yake, kulikuwa na ada za shule na madaftari ya kusahihisha, maana ni mwalimu wa msingi. Mwaka B ulirudi mwaka 2021, na tuliokuwepo tunaukumbuka. Kanisani kulikuwa na ndoo za kunawia mikono mlangoni, Rais Magufuli alikuwa amefariki tarehe 17 Machi, na misiba ya mtaani ilikuwa ikitangazwa kwa neno moja, "changamoto ya upumuaji". Kila mtu alilielewa neno lile na hakuna aliyeulizia zaidi. Kwenye jumuiya yetu tulizika watu wawili ndani ya Kwaresima. Tulikuwa kimya cha ajabu, kimya cha watu wanaojua.

Kwaresima ile ile tulikuwa na semina ukumbini, padre kijana aliyesomea Maandiko akitufundisha Injili ya Marko kwa Jumamosi nne. Mahudhurio yalikuwa hafifu na mabenchi yametenganishwa. Jumamosi ya mwisho alichora mstari ubaoni baada ya 16:8, akasema: "Kwa ushahidi tulio nao, Marko mwenyewe anaishia hapa."

Alitueleza kwamba miswada miwili mikongwe iliyo kamili kuliko mingine, yaani nakala za Biblia zilizoandikwa kwa mkono, yote ya karne ya 4, inamalizia Marko kwa maneno "waliogopa". Mmoja ulitoka katika monasteri ya Mtakatifu Katarina chini ya mlima Sinai, na mwingine uko Maktaba ya Vatikano. Huo wa Vatikano, baada ya neno la mwisho, mnakili ameacha safu nzima tupu, ingawa kawaida yake ni kuanza kitabu kipya kwenye safu inayofuata, kana kwamba alijua kuna kitu watu wanakitarajia pale, na yeye hakuwa nacho. Eusebio wa Kaisaria na Mtakatifu Yeronimo, waandishi wa Kanisa wa karne ile na mwanzo wa ile iliyofuata, nao waliandika kwamba nakala nzuri za Kigiriki walizozijua ziliishia hapo. Zile aya za 9 hadi 20, za kutokewa, za kwenda ulimwenguni kote, za kushika nyoka, ni za kale sana pia, maana askofu Ireneo alishanukuu mojawapo mnamo mwaka 180, lakini mwandiko wa aya hizo ni wa mtu mwingine. Na kuna nakala zenye mwisho mwingine mfupi kabisa, wa sentensi moja mbili, wanawake wakitoa taarifa kwa Petro na wenzake na mambo yakaisha vizuri.

Mama mmoja nyuma akanyoosha mkono. "Kwa hiyo Padre, unatuambia Biblia imechakachuliwa?"

Ukumbi ukacheka, padre pia, lakini mama yule hakuwa anatania. Padre akaanza kueleza habari za Mtaguso wa Trento, mkutano mkuu wa maaskofu, na tamko lake la mwaka 1546, kwamba Kanisa linazipokea aya zile kama Maandiko Matakatifu, na kwamba tunazisoma kwenye sikukuu ya Marko tarehe 25 Aprili na Kupaa kwa Bwana katika Mwaka B. Vyote kweli, lakini uso wa mama yule haukubadilika.

Mimi nikakumbuka daftari. Mama yangu alikuwa mhazini wa jumuiya kwa miaka kumi na moja. Alipofariki, daftari lilikabidhiwa kwa mhazini mpya, nami nililiona lilipopitia mikononi mwangu. Ukurasa wa mwisho wa mama, wino wa bluu, herufi zake za kuinamia kushoto, unaishia tarehe 4 Februari katikati ya orodha: majina saba yana kiasi cha mchango, majina manne hayana. Halafu kuna mistari mitatu mitupu. Halafu kalamu nyeusi, mwandiko wa duara: "Salio kutoka kwa marehemu." Na majina yote yameandikwa upya kuanzia juu, hata yale ambayo mama alishayaandika.

Nikasimama nikamweleza mama yule hivyo. Daftari halikuchakachuliwa. Fedha ni zile zile, jumuiya ni ile ile, na mhazini mpya hakujifanya ndiye mama. Aliona tu kwamba daftari la watu haliwezi kuachwa katikati ya orodha. Na mwandiko unaonekana. Aya ya tisa inamtambulisha Maria Magdalena upya, yule aliyetolewa pepo saba, wakati tulikuwa naye tangu aya ya kwanza. Ni yule yule anayeandika majina kuanzia juu.

"Haya," akasema yule mama, "hapo nimeelewa. Lakini kwa nini Marko aliacha orodha katikati? Naye alifariki?"

Padre akasema wapo wataalamu wanaofikiri hivyo kabisa, kwamba alizuiwa kumaliza, au karatasi ya mwisho ilichanika. Wengi siku hizi wanadhani aliacha makusudi. Kisha akatuonyesha kitu ambacho nilikiandika pembeni ya daftari langu. Mara kwa mara katika Injili ya Marko Yesu anawakataza watu wasiseme, na watu wanasema. Mwenye ukoma wa sura ya kwanza anaonywa vikali, anatoka anatangaza kila mahali. Wale wa sura ya saba, kadiri alivyowakataza ndivyo walivyozidi kutangaza. Ikifika sura ya mwisho, ndipo kwa mara ya kwanza katika habari za ufufuko watu wanaagizwa waseme, na hao ndio wananyamaza.

Mathayo, anayedhaniwa na wengi kuwa alikuwa na Marko mezani wakati akiandika, hakuweza kuivumilia hali hiyo. Kwake wanawake wanatoka kwa hofu na furaha nyingi, tena wanakimbia kupeleka habari. Luka naye anasema waliwaambia mitume, na mitume wakaona ni upuzi. Nikiwa mwanamke naona Luka ametusaidia kujua kwa nini Marko aliwaacha kimya. Shangazi alipopata habari hii ya Luka kwangu aliguna tu: "Sasa wewe, wangewaambia akina nani?"

*

Niseme neno kuhusu zile aya za mwisho, kwa sababu nyumbani kwetu zilipita. Mama alipokuwa bado anaweza kukaa, kikundi cha sala kilimjia mara mbili kwa juma, wakisoma 16:18, wataweka mikono yao juu ya wagonjwa, nao watapata afya. Waliomba vizuri, na mama alilala vizuri siku walizokuja. Sitawasema vibaya kwa hilo. Lakini baada ya mazishi mmoja wao alininong'oneza kwamba pengine imani ya nyumba yetu ilikuwa na mahali palipovuja. Nilimjibu asante. Ningekuwa najua wakati ule kwamba Injili ile kongwe inaishia kwa wanawake wanaotetemeka, na kwamba hakuna anayewauliza imani yao imevuja wapi, pengine ningemjibu vingine. Au nisingemjibu, sijui. Kuna watu ambao msiba wa mwenzao unawasumbua kama mlango uliobaki wazi usiku. Lazima waamke waufunge.

Jambo jingine nililipata mwenyewe, si kwa padre, na ninalionea fahari kidogo. Nilikuwa nasoma Mwanzo 18, wageni watatu wamekuja kwa Abrahamu, wanamwambia Sara atazaa. Sara yuko nyuma ya mlango wa hema, mzee, tumbo limekwisha kufa, anacheka. Anaulizwa mbona amecheka, anakana: sikucheka. Na Biblia inaongeza: maana aliogopa. Niliruka. Nikampigia padre simu usiku, nikamuuliza. Akacheka, akaniambia nisubiri, akaenda kuangalia, akarudi. Katika tafsiri ya kale ya Kigiriki ya Agano la Kale, maneno yale ni karibu yale yale ya mwisho wa Marko: kitenzi cha kuogopa, kisha kile kineno kidogo *gar*, "maana", ambacho kwa Kigiriki hakiwezi kutangulia sentensi, hivyo sentensi ikiwa fupi namna ile ndicho kinachobaki mwisho. Kitabu kizima cha Marko kinafungwa na "maana". Kwa Kiswahili tunamalizia na hofu yao. Wagiriki walibaki na "maana" masikioni.

Mwanamke wa kwanza anaambiwa tumbo lililokufa litatoa mtoto, anadanganya, maana aliogopa. Wanawake wa mwisho wanaambiwa kaburi limetoa mtu, wananyamaza, maana waliogopa. Na Isaka alizaliwa hivyo hivyo, jina lake likiwa ni kicheko. Uongo wa mama yake haukumzuia.

Niliposoma hapo nilifikiri habari ya simu ya saa moja na nusu.

Na ile simu ilikuwa na kitu kingine ndani yake, ambacho sikukijua hadi Jumamosi ile ya semina. Padre alipofika kwenye neno "amefufuka", alisema sisi tumelipa neno hili nguo za kanisani, lakini Marko alichukua neno la nyumbani. Ni kitenzi cha kumwinua mtu au kumwamsha. Mama mkwe wa Petro, aliyelala kwa homa, Yesu anamwinua: ni neno hilo. Mashua inapigwa na dhoruba, Yesu amelala, kichwa kwenye mto, wanafunzi wanamwamsha: ni hilo. Binti wa Yairo, ambaye watu walikuwa wameshaanza kumlilia, anaambiwa inuka: ni hilo hilo. Kijana mwenye nguo nyeupe anatumia neno ambalo mtu angelitumia kwa mgonjwa wa nyumbani asubuhi. Ameamshwa. Hayupo hapa.

Mgonjwa ameamkaje?

Ameamka, Shangazi.

Nilitoka ukumbini nikasimama nje kwenye mvua mpaka kipindi kikaisha. Sisemi kwamba nilitabiri. Nilidanganya, tena nikijua nadanganya, na uongo hauwi unabii kwa sababu tu Kigiriki kina neno linalofanana. Lakini niliwaza kwamba labda hao wanawake nao walipoulizwa njiani, alfajiri ile, na majirani wanaochota maji, "Mmeamkaje?", walijibu kama watu wanavyojibu, wakaendelea kukimbia.

*

Mwaka B ulirudi tena mwaka 2024, Mkesha tarehe 30 Machi. Safari hii niliisikiliza Injili hadi aya ya saba bila kutetemeka, nikamalizia ya nane mwenyewe, kimoyomoyo, padre akiwa ameshafunga kitabu. Sidhani kama wataalamu wa liturujia walikosea kuikata pale. Usiku wa kengele na vigelegele si usiku wa kuwaambia watu kwamba hakuna aliyesema neno. Ila nadhani inafaa isomwe mahali fulani, hata kama ni sebuleni.

Basi juma lililofuata jumuiya ilikutana kwetu kihambani, na mimi ndiye niliyeongoza. Tulikuwa kama kumi na wanne, wengi wanawake, watoto wakichungulia mlangoni kuona kama chai imeiva. Shangazi alikuwa kwenye kiti chake karibu na dirisha linalotazama makaburi. Amezeeka sasa, haoni vizuri, na ukimwamkia hukushika mkono mpaka akumbuke jina. Nikasoma Marko 16 mpaka mwisho wa aya ya nane, nikafunga kitabu. Wakasubiri. Mwenyekiti akasema, "Endelea, mwalimu." Nikamwambia nimemaliza.

Kisha nikasema. Sikupanga kusema; nilikuwa nimeandaa maswali matatu kwenye karatasi. Niliwaeleza habari ya wodi, ya godoro, ya bibi aliyegeuza uso, ya uji nilioumaliza mwenyewe. Nikawaambia kwamba mama hakufariki mchana kama ilivyoandikwa kwenye ratiba. Alifariki saa tisa usiku, na mimi nilijua tangu alfajiri, na kwa saa sita niliacha watu wa nyumba hii waendelee kupika na kufua kama watu wenye mgonjwa. Sikumtazama Shangazi. Nilitazama vikombe.

Hakuna aliyenikemea. Mama mmoja, yule yule wa kuchakachua, akafuta macho kwa kanga. Akasema mumewe alipofariki aliendelea kumpigia simu kwa juma zima ili kaka zake wasikie simu yake ikiita, wadhani yuko kazini. Mwingine akasema yeye alificha siku mbili. Mwenyekiti, ambaye ni mtu wa utaratibu, alisubiri kidogo, akaanzisha wimbo, tukaimba, tukachangia, tukanywa chai.

Watu walipoondoka nikakusanya vikombe. Shangazi hakuwa amesogea. Nikaenda nikachuchumaa mbele yake, nikamshika magoti, nikasema, "Shangazi, unisamehe. Ulinipigia nikakudanganya."

Akanipapasa kichwani, kama anatafuta ni nani.

"Nilijua," akasema.

"Ulijua nini, Shangazi?"

"Siku zote ulikuwa unasema ameamka vibaya. Ameamka hakulala, ameamka miguu inauma. Siku ile ukasema ameamka salama." Akageukia dirishani, ingawa kwa macho yale sidhani kama aliyaona makaburi. "Nikaweka simu chini, nikachukua ufagio. Ulipopiga ile saa saba, uwanja wote nilikuwa nimeshaufagia."